Land Rover kuukuu: Faida iko katika kutunza, si katika kuunda upya

LAND ROVER kuukuu bado ni mtaji. Katika sehemu nyingi ambako lami haijafika, mfanyabiashara mdogo anayenunua mahindi, mbao, mifugo au madini hana budi kuwa na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na Land Cruiser iliyo bora iko nje ya uwezo wake. Hununua Land Rover 109 au 110 ya miaka ya 1980 au 1990 kwa fedha alizonazo, kisha hujiambia kwamba matengenezo atayafanya mwenyewe nyuma ya nyumba, akiwa na spana, jeki na kijana mmoja wa kumshikia tochi.

Mpango huo si wa kipuuzi. Wapo watu waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa gari la namna hiyo. Lakini wapo pia wengi ambao gari lao limesimama juu ya mawe mwaka wa pili sasa, injini iko chini ya mwembe, na mtaji wote umo humo. Tofauti kati ya makundi haya mawili haiko katika ujuzi wa kushika spana. Iko katika kujua kwamba kutunza gari na kuunda gari upya ni biashara mbili tofauti. Ya kwanza hulinda mtaji. Ya pili, kwa mwenye mtaji mdogo, mara nyingi huuzika.

Gari lililotengenezwa ili lifunguliwe

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Bati la chuma lilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikaundwa kwa alumini na kufungwa kwa boliti juu ya chesisi ya chuma. Series II ilifuata 1958, Series III 1971, One Ten 1983, na jina la Defender likaanza kutumika 1990. Uzalishaji wa gari la umbo hilo ulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Katika muda wote huo msingi haukubadilika sana. Mlango, boneti na madigadi huvuliwa kwa spana za kawaida. Sakafu ikifunguliwa, gia boksi inaonekana yote. Dizeli za 200Tdi na 300Tdi zilizofungwa katika Defender kuanzia 1990 na 1994 zina pampu na nozeli zisizohitaji kompyuta. Mabadiliko makubwa yalikuja 1998 na injini ya Td5, ambayo huendeshwa kwa kompyuta na haitibiki kwa sikio na bisibisi peke yake.

Kwa mnunuzi mdogo, mwaka huo wa 1998 ni mpaka wa kibiashara. Gari la kabla yake hutengenezeka Loliondo au Kibondo kwa vifaa vilivyopo. Gari la baada yake huhitaji mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na mtu huyo yuko mjini. Ni kwa sababu hiyo hiyo Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, dizeli isiyo na turbo, inaendelea kutafutwa na wanaofanya kazi mbali na miji.

Mazoea ya miaka ya uhaba

Ubunifu wa wenye magari makuukuu una historia yake. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilikosa fedha za kigeni na spea zikatoweka madukani. Hadi serikali iliporuhusu, mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mwenye gari alitumia kilichopo. Bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi. Gasketi zilikatwa kwa maboksi. Fyuzi iliyoungua ilizungushiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Kuna waliotia maji ya sabuni kwenye breki ili gari lifike.

Katika mazingira yale, hiyo ilikuwa akili. Gari bovu lilikuwa na thamani kubwa kuliko gari lililosimama, na spea haikuwepo kwa bei yoyote. Leo hali ni nyingine. Spea za Land Rover na Toyota zinapatikana Kariakoo, zinapatikana Kirinyaga Road Nairobi na Kisekka Kampala, na mtu wa Sumbawanga anaweza kupiga simu asubuhi na kutumiwa kifurushi kwa basi la usiku. Lakini mazoea ya uhaba yamebaki katika miaka ya wingi, na sasa yana gharama.

Mfano ulio wazi ni thamostati. Gari likichemka, wengi huitoa na kuitupa, kisha husema gari limepona. Kilichopona ni mshale wa joto tu. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa hula mafuta zaidi, hutoa moshi na husaga silinda mapema. Ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni iliyolegea, umebaki pale pale. Mwenye gari ameokoa bei ya kifaa kidogo, naye atailipa kwenye kituo cha mafuta kila wiki, na hatimaye kwenye ovahoo.

Vivyo hivyo karatasi ya sigara kwenye fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kuungua ili waya usiungue. Ikizuiwa isiungue, kinachofuata ni moto chini ya dashibodi.

Kazi ambazo mwenyewe anaweza

Pamoja na hayo, kuna kazi ambazo mwenye gari akizifanya kwa mkono wake anapata faida ya hakika, na mara nyingi huzifanya vizuri kuliko fundi mwenye haraka.

Ya kwanza ni mafuta na chujio. Kwenye barabara za vumbi, muda wa kubadili oili unapaswa kupunguzwa karibu nusu ya ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Chujio cha hewa hupigwa vumbi au hubadilishwa, na bomba lake hukaguliwa ufa, kwa maana vumbi linaloingilia ufa halipiti kwenye chujio. Kikombe cha kutegea maji kwenye njia ya dizeli humwagwa. Kazi hizi hazihitaji fundi, ila nidhamu.

Ya pili ni habu za magurudumu. Nati ya habu ya Land Rover hufunguliwa kwa boksi spana ya milimita 52, na mwenye gari asipokuwa nayo atakuta fundi wake anaipiga nati kwa tindo na nyundo. Bei ya spana hiyo ni ndogo ukilinganisha na habu moja iliyokatika njiani. Beringi zikisafishwa, zikapakwa grisi na kukazwa kwa kipimo, gari hilo halitapoteza gurudumu mlimani.

Ya tatu ni yale matufe ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, ambayo karibu kila Land Rover kuukuu huyavujisha oili. Uso wa tufe ukiwa na vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu, hata iwe ya bei gani. Mwenye kulikagua tufe kabla ya kununua sili huokoa fedha mara mbili.

Ya nne ni valvu. Injini za Tdi huhitaji nafasi ya milimita 0.20, na ile ya petroli ya lita 2.25 huhitaji milimita 0.25. Kipimo chake ni kisahani chembamba cha chuma kinachouzwa kila duka la spea. Mtu mwenye subira ya saa mbili anaweza kuifanya kazi hii.

Kwa upande mwingine, breki, steringi, uchomeleaji wa chesisi, pampu ya dizeli na taimingi belti ya Tdi si mahali pa kujifunzia. Belti ikikatika au ikafungwa kwa kukosea jino, vijiti vya valvu hupinda na uharibifu ukaweza kufika hadi kwenye pistoni. Mafuta ya breki yakichanganywa na oili ya injini, mipira yote ya mfumo huvimba na breki hushika au hukataa. Hapa fundi anayefahamika, mwenye kazi zilizoonekana, ni gharama halali ya biashara kama ilivyo leseni na bima.

Hesabu ya siku

Kosa linalojirudia ni kuhesabu bei ya fundi na kusahau bei ya siku. Chukua mfano wa gari linalomwingizia mwenyewe shilingi 120,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na posho ya utingo. Fundi anataka shilingi 150,000 kubadili klachi, naye atamaliza kwa siku 2. Mwenye gari anaamua kuifanya mwenyewe ili aokoe fedha hiyo. Kwa kuwa hana winchi ya kunyanyulia gia boksi, na kwa kuwa boliti moja imekatika, anamaliza siku ya 5.

Ameokoa 150,000 na amepoteza siku 3 za ziada, yaani 360,000. Hasara yake ni 210,000, mbali na mgongo unaouma na mteja aliyekwenda kwa mwingine. Hasara hiyo haionekani kwa sababu hakuna mtu aliyemdai. Fedha ambayo haikuingia haimuumizi mtu kama fedha iliyotoka mfukoni.

Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa huonyesha faida ilipo. Kazi ya kupaka grisi habu zote, kumwaga maji kwenye dizeli na kukaza boliti za springi hufanywa Jumapili, siku ambayo gari halina safari. Haimpotezei siku hata moja, na humwepusha na kulala njiani Jumatano akiwa na tani moja ya viazi vinavyoharibika. Kanuni ni nyepesi: kazi inayoingia katika siku ya mapumziko ni ya mwenyewe. Kazi inayokula siku za safari ipigiwe hesabu kwanza.

Marekebisho yanayomeza mtaji

Sasa kuna suala la kuunda upya. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, na hapa ndipo kila mwenye gari ana rafiki wa kumshauri.

Ushauri wa kwanza huwa ni injini. Petroli ya lita 2.25 inakula, watu husema, weka dizeli ya Tdi au ya Toyota. Jambo hilo linawezekana na limefanyika mara nyingi. Lakini injini haikai peke yake. Petroli ile ilitoa nguvu farasi zipatazo 70. 200Tdi hutoa 111, na mvuto wake ni mkubwa zaidi. Nguvu hiyo hupita kwenye gia boksi ya Series na kwenye haf-shafti za meno 10 ambazo hata kwa injini ya zamani zilijulikana kwa kukatika. Basi baada ya injini hufuata gia boksi, baada ya gia boksi hufuata difu, na baada ya hapo breki, maana gari sasa linakimbia kuliko linavyoweza kusimama. Aliyepanga bajeti ya injini moja amejikuta amenunua gari zima kwa vipande.

Ushauri wa pili ni matairi makubwa na kuliinua gari. Tairi la kawaida la 7.50 kwa inchi 16 lilichaguliwa na kiwanda kwa kazi ya mzigo. Tairi kubwa zaidi huziongezea beringi na haf-shafti mzigo, hupunguza nguvu ya kupanda mlima, na spidomita huanza kudanganya. Gari lililoinuliwa hubadili pembe za propela, krosi zikaisha mapema, na likipakiwa juu ya karia huwa jepesi kupinduka. Mwenye kubeba abiria na magunia hana anachopata.

Ushauri wa tatu ni kurefusha chesisi ili kupata kiti kingine. Arusha kuna karakana zinazoifanya kazi hii kwa ajili ya magari ya watalii, zikiwa na vipimo na vifaa vyake. Kinachouzwa uchochoroni kwa jina hilo hilo ni kitu kingine. Chesisi ni boksi lililoungwa kwa mabati. Ikikatwa na kuchomelewa bila kunyooshwa, gari hutembea upande kama kaa na hula matairi hadi siku yake ya mwisho.

Haimaanishi kwamba kila badiliko ni baya. Matundu ya kupitisha hewa ya difu yakiunganishwa na mpira unaopanda hadi juu, maji ya mto hayaingii. Bamba la chuma chini ya steringi hulinda fimbo zake. Betri ikifungwa barabara haimwagi asidi. Haya ni mabadiliko ya bei ndogo yanayozuia hasara kubwa, na ndiyo hasa yanayostahili kuitwa maboresho.

Mnunuzi anaangalia nini

Mwekezaji anayenunua ili auze baadaye anapaswa kujua kwamba soko halilipi jasho. Linalipa hali ya gari na karatasi zake. Kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi na ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi isirekebishwe, mnunuzi mwenye fedha huondoka na dalali huteremsha bei, hata kama injini mpya ni bora.

Aidha, uhalisi wenyewe una bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, na Uganda tangu 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Kwa hiyo idadi ya Land Rover kuukuu zilizomo katika nchi hizo haiongezeki kwa meli mpya. Inapungua kila moja inapokatwa kuwa chuma chakavu. Huko Marekani, sheria inaruhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 25, jambo lililozifanya Defender za zamani zitafutwe na wakusanyaji. Arusha nayo ilijaza mamia ya Land Rover barabarani katika tamasha la Oktoba 2024, dalili kwamba nyingi bado zinatembea. Mkusanyaji hatafuti gari la injini ya Toyota na taa za lori. Anatafuta lile ambalo halijaguswa ovyo.

Anayenunua aanze na nyundo ndogo. Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo bodi inayong'aa inaweza kukaa juu ya chesisi iliyooza. Chesisi huoza kuanzia ndani, ambako tope hukaa, hasa boriti ya nyuma na mahali springi zinapofungwa. Mlio mkavu ni wa chuma kizima. Mlio wa kufifia ni wa kutu. Magari ya Tanga, Bagamoyo na Mombasa yapigwe zaidi, kwa sababu chumvi ya bahari huila pia alumini pale inapogusana na chuma. Gari la Dodoma lenye bodi iliyobonyea linaweza kuwa na thamani kuliko la pwani lililopakwa rangi mpya.

Katika spea, kuna za kiwanda, kuna za watengenezaji wale wale wanaokiuzia kiwanda, na kuna za bei nafuu zenye boksi zuri. Si lazima kila kitu kiwe cha kiwanda. Kioo cha pembeni cha bei nafuu hakimwui mtu. Lakini beringi, sili, mipira ya breki na belti vinunuliwe kwa jina linaloaminika, kwa kuwa gharama yake halisi si bei ya dukani bali siku mbili za kukifungua tena. Rahisi ni ghali, na mahali pengine popote msemo huo hauonekani haraka kama ndani ya habu.

Daftari

Jambo la mwisho ni dogo na halina gharama. Kila gari liwe na daftari: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, bei, na siku ambazo gari lilisimama. Baada ya miezi sita daftari hilo litamwonyesha mwenyewe kazi zinazomlipa kuzifanya na zile anazopaswa kumwachia fundi. Siku ya kuuza, daftari lenye alama za grisi na risiti zilizobandikwa litamshawishi mnunuzi kuliko maneno ya dalali.

Na siku matengenezo ya mwaka yatakapozidi kile ambacho gari linaingiza kwa mwaka huo, daftari litasema hivyo pia. Siku hiyo mfanyabiashara auze, hata kama gari limekuwa kama ndugu. Ndugu halipi mkopo. Aliyeuza gari linalotembea hupata fedha ya kununulia jingine, na aliyengoja mpaka likasimama huuza chuma kwa kilo.